Mita 800 za Hewani: Uchambuzi wa Kisa cha Cessna Iliyopitiliza Njia Malindi

Ndege yenyewe ni Cessna 172 ya toleo la N, injini moja, viti vinne, mali ya mtu binafsi. Iliondoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, saa 8:20 mchana, katikati ya msimu wa kaskazi, ikiwa na watu 3: rubani, ambaye ndiye mwenye ndege, mjomba wake, na mpwa wake, kijana wa shule, aliyekaa nyuma na simu mkononi. Walikuwa wanawahi maziko Malindi. Maiti alikuwa asaliwe baada ya Alasiri. Saa 9 na dakika chache ndege ilishuka kwenye njia ya kurukia ndege namba 17 (namba inatokana na uelekeo wake, nyuzi 170), ikakimbia lami mpaka lami ikaisha, ikaingia nyasini, na gurudumu la pua likatumbukia katika mtaro wa maji ya mvua. Pangaboi likapinda, injini ikagota papo hapo. Hakuna aliyeumia. Mjomba alishuka mwenyewe, akakung'uta kanzu, akauliza njia ya kutokea. Wakapata tuktuk nje ya uwanja, na maziko waliyawahi.

Kila aliyemuuliza rubani alijibiwa neno moja: breki zimekataa.

Malindi habari ya ndege haihitaji kusukumwa. Tangu Januari 10, 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilipoanguka Kwa Chocha kando ya barabara ya Mombasa na kuua watu 3 waliokuwa chini, injini ikibadilisha sauti angani watu huacha shughuli zao wakatazama juu. Kabla ya Magharibi, kisa cha Cessna hii kilishapata matoleo kadhaa, likiwemo moja la rubani aliyeruka nje ikiwa bado hewani. Hilo ni porojo. Lakini "breki zimekataa" ni kweli. Nimeiona breki yenyewe kwa macho yangu, na ilikuwa imekufa kabisa upande mmoja. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba hiyo ni kweli isiyotosha.

Niseme pia maandishi haya si nini. Uchunguzi rasmi wa ajali za ndege Kenya unafanywa na idara ya serikali iliyo chini ya wizara ya uchukuzi, kwa kufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambacho kinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mimi ni fundi wa ndege tu. Mwenye ndege aliniomba niitazame baada ya wakaguzi kuruhusu iondolewe mtaroni, na amekubali niyaandike niliyoyaona mradi jina lake lisitajwe.

Matairi mawili, alama moja

Kitu cha kwanza kilikuwa lami yenyewe. Ndege hii ina magurudumu mawili makuu, na rubani akikanyaga breki kwa nguvu unatarajia michirizi miwili myeusi inayokwenda sambamba. Palikuwa na mmoja tu, wa kulia. Ulianza kiasi cha mita 400 kabla ya mwisho wa njia, nao haukuwa mstari ulionyooka. Ulikuwa vipande vipande, kila kipande kikivuta kulia, kisha pengo, kisha kipande kingine. Tairi la kulia lilikuwa limelika bapa mahali pamoja mpaka nyuzi zinaonekana. La kushoto lilikuwa zima, duara safi, ila ubavu wake wa ndani umelowa mafuta.

Ukijua breki za ndege ndogo zilivyopangwa, hapo tayari umeshasoma nusu ya kisa. Gari lina pedali moja kwa magurudumu yote. Cessna ina breki mbili zisizojuana: ncha ya juu ya pedali ya kushoto inasukuma silinda ya kushoto, ambayo inapeleka mafuta kwenye pistoni za gurudumu la kushoto peke yake, na kulia vivyo hivyo. Ndivyo ndege inavyokata kona kali ardhini, kwa kushika gurudumu moja na kuliacha lingine. Ubaya wake ni kwamba upande mmoja ukifa, ule uliobaki hausimamishi ndege bali unaigeuza. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye mwendo mkubwa, ndege inazunguka na bawa linaweza kugonga chini.

Rubani alijikuta hapo hapo. Alikanyaga pedali zote mbili, ya kushoto ikazama mpaka sakafuni, ndege ikarukia kulia. Akaachia, akarudisha pua kwa usukani wa mkia. Akakanyaga tena, ikarukia tena. Halafu akafanya alichozoea kufanya kwa wiki kadhaa: akapampu. Kushoto hakukurudi kitu, na kulia gurudumu likafunga, tairi likaburuzwa badala ya kuzunguka. Kila pengo katika ule mchirizi ni sekunde ambayo ndege haikuwa na breki hata moja.

Kwa wiki kadhaa, nimesema. Nitalirudia hilo, maana ndilo lililoniudhi.

Chupa kutoka Mokowe

Nilifungua breki ya kushoto nikiwa natarajia pedi zilizoisha. Hazikuwa zimeisha. Kwa breki za Cleveland, ambazo ndizo zimefungwa kwenye ndege nyingi za aina hii, pedi hubadilishwa ikifika unene wa inchi 0.1, yaani milimita 2 na nusu, na hizi zilikuwa na unene wa kutosha. Diski ilikuwa na kutu kidogo pembeni, jambo la kawaida kwa ndege inayolala Manda, ambako upepo wa chumvi haupumziki, na ilikuwa na rangi ya bluu katikati, alama ya joto kali. Hiyo bluu ilinishangaza. Breki iliyokufa haipati joto.

Jibu lilikuwa kwenye mafuta. Mafuta ya breki za ndege hizi ni mekundu, ni mafuta ya madini, na oringi zake, yaani pete za kuzuia mafuta yasivuje, ni za mpira wa nitraili unaoyapenda mafuta hayo. Nilivuta kiasi kwa bomba la sindano, nikaweka kwenye chupa ya kioo, nikaiacha dirishani usiku kucha. Asubuhi yalikuwa yamejitenga: mekundu juu, na chini yake tabaka lenye rangi ya chai nyepesi. Mafuta ya breki ya ndege hayajitengi hivyo yakiwa peke yake. Lile la chini ni mafuta ya breki ya gari, DOT 3, ambayo msingi wake ni glikoli. Ni mazito kuliko mafuta ya madini na hayachanganyiki nayo.

Nikamuuliza mwenye ndege, naye hakujua. Tukampigia simu kijana anayeiosha na kuiangalia ndege Manda.

"Ndiyo, kapteni," akasema bila wasiwasi. "Ile pedali ya kushoto ilikuwa laini, ukaniambia niitazame. Nikaona mafuta yamepungua. Nikamwagiza mtu wa boti anichukulie breki fluidi Mokowe, kwenye duka la vipuri vya bodaboda. Nikajaza."

Sina ugomvi na kijana huyo. Aliambiwa atazame, akatazama. Chupa imeandikwa mafuta ya breki, na breki ndiyo aliyokuwa akiitengeneza. Kosa la kitu kama hiki haliwezi kuwa la mtu wa mwisho kwenye mnyororo. Pedali laini ilikuwa inasema mafuta yanatoka mahali au hewa imeingia, na dawa yake ni kutafuta yanapotokea, kubadilisha oringi, kisha kusukuma mafuta mapya kutoka chini gurudumuni kwenda juu ili hewa ifukuzwe. Kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni na huandikwa kwenye kitabu cha ndege. Kitabu cha ndege hii hakina mstari wowote juu yake.

Glikoli ikikutana na mpira wa nitraili, mpira unavimba na kulegea. Oringi niliyotoa kwenye pistoni ya kushoto ilikuwa imenenepa kiasi kwamba haikurudi kwenye mfereji wake, na ukiibana ukucha unaingia. Upande mmoja ilikuwa imekatika, nyama yake imesukumwa nje na shinikizo. Oringi za silinda ya juu nazo zilikuwa zimevimba, na ndivyo ninavyoielewa ile bluu ya diski: silinda ilishindwa kurudisha mafuta pedali ilipoachiwa, breki ikabaki imeshika kidogo muda wote ndege ilipokuwa ikitembea ardhini Manda. Rubani alikumbuka baadaye kwamba ilikuwa inavuta kushoto na kutaka moto wa injini zaidi kuliko kawaida. Joto likaimalizia oringi iliyokwisha kulegea. Ilipofika Malindi na kukanyagwa kwa nguvu zote, ikapasuka.

Hapa wengi wangefunga faili. Mafuta yasiyo yake, oringi ikaoza, breki ikafa, ndege ikapitiliza. Mlolongo umenyooka na kila kiungo kina ushahidi. Hata mwenye ndege alipumua niliposema ile chupa ina matabaka mawili, kama mtu aliyeondolewa mashtaka.

Lakini kuna swali linalobaki, nalo ni la urefu.

Kwani njia ilikuwa fupi?

Njia kuu ya Malindi ina urefu unaokaribia kilomita 1.4. Kitabu cha rubani cha Cessna 172N kinasema kwamba kwenye usawa wa bahari, joto la kawaida, bila upepo, na ndege ikiwa na uzito wake wa juu kabisa, inahitaji futi 1,250 kutoka kimo cha futi 50 mpaka kusimama. Hizo ni kama mita 380, na kati yake za kukimbia ardhini ni mita 160 tu. Kitabu hicho hicho kinaagiza uongeze asilimia 10 kwa kila noti 2 (noti ni maili ya baharini kwa saa) za upepo wa nyuma. Weka noti 8 za upepo wa nyuma, unafika kama mita 530. Njia ina zaidi ya mara 2 na nusu ya hiyo.

Sawa, hizo ni namba za ndege yenye breki nzima na rubani anayetumia kitabu. Basi tuziondoe breki zote mbili, tuseme hazikuwahi kuwepo. Cessna iliyogusa chini na kuachwa ikimbie yenyewe inapunguzwa mwendo na vitu viwili: msuguano wa matairi yanayozunguka huru, ambao ni mdogo, na ukinzani wa hewa, ambao ni mkubwa mwanzoni na unakufa haraka kadiri mwendo unavyopungua. Nimepiga hesabu ya makadirio kwa hali ya siku ile. Ikitua upepo ukiwa usoni, ingesimama yenyewe ndani ya mita 400 hivi. Ikitua upepo ukiwa mgongoni, kama ilivyotua, ingehitaji karibu mita 900. Mtu anaweza kubishana nami kwa mita 100 huku au kule, sitakataa. Lakini hata hizo 900 zinaingia kwenye 1,400.

Kwa hiyo ndege isiyo na breki hata kidogo, yenye upepo wa nyuma, ingesimama kwenye lami ya Malindi kama ingegusa chini mahali inapotakiwa kugusa. Haikusimama. Maana yake haikugusa hapo.

Simu ya yule kijana ilituambia iligusa wapi. Alikuwa anarekodi kutua, kama vijana wanavyofanya. Tangu ndege inavuka mwanzo wa njia mpaka matairi yanalia ni sekunde 20. Rubani mwenyewe anakubali sindano ya mwendo ilikuwa karibu na noti 80 akivuka mwanzo wa njia, wakati kitabu kinataka 55 mpaka 65 flapu, vile vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa, zikiwa chini. Ongeza upepo uliokuwa ukimsukuma, halafu shusha taratibu mpaka mwendo wa kugusa, unapata wastani wa kama mita 40 kwa sekunde juu ya ardhi. Zidisha kwa 20. Ni mita 800.

Mita 800 za lami zilipita chini ya ndege iliyokuwa imeinua pua, inaelea kimo cha mtu, haitaki kukaa. Zaidi ya nusu ya njia ilikwisha kabla breki haijaulizwa swali lolote. Zilizobaki zilikuwa 600. Breki nzima zingemsimamisha ndani ya chini ya 250 na pengine asingejua kamwe alikuwa amekaribia nini. Bila breki alihitaji 900.

Kwenye video hiyo, mnamo sekunde ya 12 hivi, sauti ya mjomba inasikika: "Mbona haikai, mwanangu?" Rubani anajibu, "Inakaa, mjomba, inakaa." Nilimwomba mwenye ndege aisikilize sehemu hiyo peke yake, na sikusema neno.

Ndege iliyo hewani kwa noti 65, moto wa injini ukisukumwa mbele wakati huo, inaondoka. Haihitaji kitu kingine. Marubani wengi hufundishwa kwamba kama hujagusa ndani ya theluthi ya kwanza ya njia, unapaa tena, na ni kanuni nzuri kwa sababu haihitaji hesabu, inahitaji jicho tu. Theluthi ya kwanza ya Malindi inaisha karibu na mita 460. Yeye alizipita akiwa bado hewani na akaendelea kungoja. Sekunde 8 zilizofuata ndizo zilizokuwa na thamani kuliko zote, na alizitumia kungoja.

Kaskazi mgongoni

Kwa nini mwendo ulikuwa mkubwa vile, na kwa nini njia ya 17? Hapa ndipo maziko yanapoingia.

Mtu anayeruka kutoka Lamu anafika Malindi akitokea kaskazini mashariki. Njia ya 17 inaelekea kusini, kwa hiyo anaiingia kwa kukata kona moja tu, bila kuzunguka uwanja. Wakati wa kusi mpango huo ni mzuri mno: unatoka Lamu, unashuka moja kwa moja, na upepo unakuja usoni. Rubani huyu amefanya hivyo mara nyingi na mwili wake umeshazoea. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka. Nahodha wa jahazi anayeteremka kutoka Lamu akipata kaskazi nyuma ya tanga hushukuru Mungu, lakini rubani anayetua hataki neema hiyo, kwake upepo ule ule ni deni.

Mnara wa uwanja ulimsomea upepo: nyuzi 040, yaani kutoka kaskazini mashariki, noti 12. Ukiugawa kwa njia ya 17, unapata karibu noti 8 za kusukuma nyuma na 9 za ubavuni kutoka kushoto. Mnara ukamwambia pia kuna ndege ya abiria inakuja nyuma yake. Akaomba kushuka 17 moja kwa moja, akakubaliwa. Upepo alikuwa amesomewa, na uamuzi wa kushuka nao au kutoshuka nao ni wa rubani. Kuzunguka ili atue upande wa pili, njia ya 35, kungemchukua dakika 4 au 5 zaidi. Ipo pia njia ya pili ya Malindi, 08, fupi zaidi, ambayo kaskazi ile ingeikuta usoni kwa noti 9. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na mjomba alishauliza zaidi ya mara moja kama watawahi.

Tazama gharama ya dakika hizo 5. Ndege inagusa ikiwa na noti 55 za hewa, iwe inatazama huku au kule. Kwenye 35, upepo wa noti 8 usoni unaifanya ikimbie ardhini kwa noti 47. Kwenye 17 inakimbia kwa 63. Tofauti ni noti 16 na haitishi ukiisikia. Lakini kazi ya breki, au ya nyasi, au ya mtaro, inafuata mraba wa mwendo: 63 mara 63 ni 3,969, na 47 mara 47 ni 2,209. Nguvu ya kumalizwa ni karibu mara 1.8, kwa ndege ile ile, uzito ule ule, mkono ule ule. Hata angefanya makosa yake mengine yote kwenye 35, aelee mita 800 na breki ya kushoto ipasuke, mita 600 zilizobaki zingemtosha kusimama bila kugusa pedali.

Kuna jambo jingine ambalo kushuka moja kwa moja kulimnyang'anya, nalo ni dogo kwa kulitaja. Rubani anayezunguka uwanja hupita sambamba na njia, na hapo ndipo orodha ya kutua husomwa: mafuta, mchanganyiko wa mafuta na hewa, mikanda, breki. Breki hukaguliwa kwa kukanyaga pedali angani. Ikiwa ngumu, sawa. Ikizama, umejua ukiwa na futi 1,000 chini yako na dunia nzima ya nafasi. Akishuka moja kwa moja, kile kipande cha safari hakipo, na orodha isiposomwa kwa makusudi mahali pengine, haisomwi. Haikusomwa.

Nilimuuliza: ungekanyaga ukakuta ya kushoto laini, ungefanya nini? Akafikiri. "Ningepampu."

Jibu la kweli, na ndilo lililonifanya niseme lile la wiki kadhaa. Pedali ilikuwa laini tangu kabla ya chupa ya Mokowe. Ukiipampu mara 2 ilikuwa inakaza, kwa hiyo akaichukulia ndivyo ilivyo, ndege ina tabia yake. Tena njia ya Manda ni ndefu kuliko ya Malindi, ndege yake inatua pale na kukimbia mpaka ichoke, breki zinaguswa tu wakati wa kuingia maegesho. Breki mbovu iliweza kuishi Manda muda mrefu bila kudaiwa. Uwanja mrefu uliificha.

Na angekuwa ameijua angani, mambo yangekuwa mepesi. Angeweza kuzunguka na kutua 35, flapu zote nyuzi 40, mwendo wa 60, aguse mapema. Angeweza hata kwenda Mombasa, ambako njia ya 03 ina mita 3,350 na kaskazi inaipiga usoni barabara, ingawa maziko yangempita. Kwa vyovyote vile, aliye na breki moja tu haigusi mpaka mwendo umekwisha kuanguka. Anainyoosha ndege kwa miguu, anashikilia pua juu muda wote inapokubali, na anaacha flapu chini zivute hewa. Rubani wetu alizipandisha flapu mara tu alipogusa. Wapo wanaofanya hivyo ili uzito ukae kwenye magurudumu na breki zishike vizuri, na kwa ndege yenye breki kuna hoja. Kwa ndege isiyo na breki ni kutupa kizuizi pekee ulichonacho. Alifanya kwa mazoea, kabla hajajua. Mwisho kabisa, ukiona huponi, unakata mafuta ya injini: pangaboi linalozunguka polepole bado linavuta mbele, na likigonga kitu likiwa limesimama injini haiumii kiasi kile. Hakukata. Injini iliyogota namna hiyo sasa inafunguliwa yote, na hiyo itamgharimu kuliko kila kitu kingine kwenye ndege hiyo.

Tulipomaliza kuzungumza aliniuliza nikiandika nitaandika sababu ni ipi. Nikamwambia breki ilikufa kwa sababu ya chupa na kwa sababu ya pedali iliyoachwa laini, na ndege ilipitiliza kwa sababu ya mita 800 na kaskazi mgongoni, na hayo ni maswali mawili tofauti yaliyotokea kukutana kwenye lami moja. Hakufurahi. Aliona namrudishia mashtaka aliyokuwa ameyavua. Alisema bima inataka sababu moja. Hilo sina la kusema, mimi si mtu wa bima.

Kazi yenyewe sasa iko hivi. Upande wa kushoto kila kitu cha mpira kimetoka: oringi za juu, oringi za chini, na bomba laini pia, kwa sababu glikoli ikishaingia kwenye mpira haioshwi ikatoka. Mabomba ya chuma yamesafishwa. Diski imetupwa. Kuhusu kulia aliniuliza kama paachwe, maana pale ndipo palipofanya kazi. Kijana wa Manda hakumbuki vizuri kama alijaza kidogo na huko. Nilivuta mafuta ya kulia nikayaweka dirishani kama ya mwanzo, na asubuhi yalikuwa mekundu matupu, hayana tabaka. Oringi zake nimezibadilisha hata hivyo, na safari hii imeandikwa kitabuni.